Kile Cheupe Kinachoporomoka

Habari ya zamani zaidi ninayoijua mimi kuhusu poromoko la theluji katika nchi hii haikuandikwa na mpanda milima wala mwanasayansi. Ilitoka kwa watu wa Embu, ikapitia Ukambani, ikaishia kwenye daftari la mmisionari Mjerumani. Mwaka ni 1849. Johann Ludwig Krapf ametoka Rabai, karibu na Mombasa, amefika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu. Anauliza kuhusu mlima mweupe aliosikia habari zake. Anaambiwa kwamba wanaoishi chini yake hawaupandi hadi juu, kwa sababu mbili: baridi yake ni kali mno, na kuna kitu cheupe ambacho huporomoka kutoka mlimani kwa kishindo kikubwa.

Hebu isome tena hiyo sababu ya pili. Kitu cheupe. Kinaporomoka. Kwa kishindo. Mtu aliyesema hivyo hakuwa akipiga ramli kuhusu weupe alioutazama kutoka mbali. Kishindo hakisikiki ukiwa Kitui, wala ukiwa shambani Embu. Ili ukisikie lazima uwe umefika juu, kwenye mawe, mahali ambapo nyasi zimeisha, na lazima uwe umekaa huko muda wa kutosha hadi jua likapiga ukuta wa mwamba. Yaani kuna watu walikwenda, wakasikia, wakarudi, wakawaambia wenzao: pale msiende.

Miongoni mwa waliozungumza na Krapf alikuwamo mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi. Yeye alisema amefika mlimani mara nyingi ila hakupanda mbali, kwa kuwa kuna kitu cheupe kiitwacho kirira chenye kuleta baridi nyingi. Akaongeza kwamba kitu hicho hutoa maji daima, na maji hayo huteremka na kuwa chanzo cha mto, huu tunaouita Tana. Wakikuyu nao wana neno ira, chokaa nyeupe ya kujipaka katika shughuli za kimila, na theluji pia huitwa hivyo. Sitajifanya mtaalamu wa lugha hapa, lakini sikio langu linasikia undugu kati ya maneno hayo mawili.

Kwa maneno hayo machache Krapf akawa na maelezo kamili: kitu ni cheupe, ni baridi, kinayeyuka kuwa maji, na kinaanguka kwa kelele. Kutokana na maelezo hayo alikisia kwamba kuna barafu juu ya mlima. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka akauona mwenyewe, pembe mbili kubwa zikiwa juu ya kitu kama ukuta. Wakamba wameuita Kiinyaa, na kwa mdomo wao jina hilo likaingia kwenye ramani za wageni, kisha kwenye pasipoti zetu.

Kilichofuata kinajulikana, nitakipita mbio. Mwaka mmoja kabla, tarehe 11 Mei 1848, mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro na kuandika kwamba una theluji. Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alikataa katakata. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu Afrika ya ndani, na miaka kumi baadaye bado alikuwa akibisha. Baron Karl Klaus von der Decken alipanda Kilimanjaro mwaka 1862 hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikamnyeshea usiku, na bado Cooley hakukubali. Ni kama mtu aliyeko Nairobi kukuambia hakujanyesha Machakos huku wewe umelowa.

Ninachokilalamikia si Cooley, yeye kashajibiwa. Kinachonikera ni kwamba vitabu vyetu vya historia vimelibeba swali la London kama lilivyo. Theluji ipo au haipo? Nani aliiona kwanza? Tulikariri majina na tarehe za Wazungu tukafaulu mtihani. Lakini watu wa Embu hawakuwa kwenye swali hilo hata kidogo. Kwao kuwepo kwa kitu kile lilikuwa jambo la kawaida, kama kuwepo kwa mto. Walichokuwa wakieleza ni namna kinavyoua. Wao walikuwa wakitoa onyo, huku wasomi wakibishana kama kinachoonywa kipo.

Upande wa Kilimanjaro mambo yalikuwa hivyohivyo. Rebmann alipomuuliza mmoja wa watu waliomwongoza kile cheupe ni nini, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Nimewahi kusoma waandishi wakilichekea jibu hilo, ati maskini hakuwa na neno la theluji. Mimi naona alijibu vizuri kuliko alivyoulizwa. Nguzo ya stima yenye fuvu na maandishi HATARI haikuelezi volti ni ngapi wala umeme umetoka Olkaria au Masinga. Inakwambia kitakachokupata. Wachagga walimwambia Rebmann pia kwamba ule weupe unaong'aa kama fedha ukiteremshwa chini unageuka maji. Na kulikuwa na simulizi ya mangi wa Machame aliyetuma kundi la watu wakaichunguze ile fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Sasa mtu aliyepewa simulizi hiyo na babu yake anahitaji kupanda akafanye nini?

*

Nayaandika haya Lukenya, kaunti ya Machakos, kwenye kilima cha mawe kilicho kando ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River. Wenye kukipita kwa basi wanakiona kama mgongo wa mnyama aliyelala. Sisi tunaokuja Jumapili tunakijua kwa mikono: mwamba mkwaruzo, mzee sana, unaochuna vidole, wenye nyufa ambazo nyuki wamehamia na tumbili hawataki majirani. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoundwa kwa jina hilo mwaka 1949, imekuwa ikifanya mazoezi kwenye kuta hizi kwa miongo mingi. Siku hizi wanakuja vijana wa Syokimau, Mlolongo na Kitengela, kamba zao mpya kabisa, wengine wamejifunzia ukumbini kwenye kuta za plastiki.

Asubuhi ya Julai ukungu unafunika kila kitu, usahau. Lakini ipo miezi, hasa baada ya mvua kulisafisha anga, ambapo ukiwa juu saa kumi na mbili unusu unauona Mlima Kenya upande wa kaskazini, umbali wa kilomita 150 hivi, na ukigeuka kusini, Kilimanjaro kwa mbali zaidi. Kutoka Kitui hadi mlimani ni umbali huohuo takriban. Kwa hiyo ukubwa wa kile alichokiona Krapf ndio ukubwa tunaouona sisi kutoka hapa. Tofauti ni rangi. Alichokiona yeye kilikuwa na weupe wa kutosha kumfanya mtu asimame. Sisi tunaona mlima mweusi wenye doa, na baadhi ya siku hata doa hulioni.

Kuna waliouona ukiwa mweupe zaidi ya huo wa Krapf. Chini ya miamba ya Lukenya watafiti walichimba wakapata zana za mawe, mifupa ya wanyama wa nyikani, na kipande cha fuvu la binadamu. Mwaka 2015 umri wa fuvu hilo ulichapishwa: takriban miaka 23,000. Huo ulikuwa wakati dunia imepoa kuliko wakati wowote wa karibuni, na barafu ya Mlima Kenya iliteremka mbali sana kwenye mabonde. Bonde la Teleki, ambako leo wapandaji hupiga kambi na kupika chai, lilichongwa na barafu, na matuta ya mawe iliyoyasukuma bado yapo pale kama kifusi kilichoachwa na tingatinga. Mwenye fuvu lile, akisimama mlangoni pa pango lake asubuhi yenye anga safi, aliuona mlima ambao mimi sitauona kamwe. Sijui alikuwa akiuitaje.

*

Sasa, poromoko lenyewe ni nini? Vijana huniuliza hapa Lukenya tukiwa tumekaa chini ya mwamba tukila chapati baridi, na mimi huwaonyesha malori. Barabara ya Mombasa haikosi lori la tipa lililobeba mchanga. Dereva anapoinua bodi, mchanga hautoki papo hapo. Bodi inapanda, inapanda, mchanga umetulia tuli utadhani umegandishwa. Kisha kwa nyuzi moja zaidi, wote unaondoka mara moja. Theluji kwenye mteremko iko hivyo, ila mteremko hauinuki. Kinachobadilika ni mzigo na ule utando wa chini unaoushika. Theluji mpya imeanguka juu ya ya zamani iliyokuwa ngumu na laini kama kioo, au upepo umeirundika upande mmoja ikawa bamba zito lililokaa juu ya tabaka dhaifu, au jua limepiga maji yakapenya chini. Mabamba mengi ya namna hiyo hukatika kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Mteremko mkali zaidi haukusanyi kitu, humwaga kidogo kidogo. Ulio tambarare zaidi hauondoki. Na kwa bahati mbaya nyuzi hizo hasa ndizo wanazozipenda watu wa skii.

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini watu wanaoteleza kwa skii nje ya viwanja vilivyotengenezwa wanaishi na hesabu hiyo kila siku ya kipupwe. Tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5, na taarifa hutolewa kama sisi tunavyotolewa habari za mvua. Kila mtu hubeba kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, koleo dogo, na ufito mrefu wa kuchomea theluji. Wenzako wana kama robo saa ya kukufukua ukiwa na tumaini zuri, baada ya hapo hewa inakwisha. Jambo ambalo vijana wangu huwa hawaliamini ni hili: wengi wanaofukiwa wameliamsha poromoko wenyewe, au mwenzao ameliamsha, kwa uzito wa miili yao tu. Mlima ulikuwa umetulia, wakaukanyaga.

Mlima Kenya hauna kipupwe. Ikweta inapita ubavuni mwake. Theluji mpya huanguka zaidi katika majira ya mvua, masika na vuli, lakini joto na baridi havibadilishani kwa miezi kama Ulaya. Vinabadilishana kwa saa. Usiku kila kitu kinaganda, mchana kinayeyuka, kesho tena, mwaka mzima. Ndiyo maana theluji yetu haipati muda wa kurundikana kwenye miteremko na kuwa mabamba makubwa ya kuzika kijiji kama kule Alps. Inayoanguka usiku kwenye kuta za Batian na Nelion inaachiwa na jua la asubuhi, inateremka kwenye makorongo kwa mafungu, pamoja na vipande vya barafu vilivyoning'inia. Ukubwa wake si wa kutisha kwenye picha. Lakini mtu aliye ndani ya korongo jembamba hahitaji poromoko kubwa. Na sauti, kuta zile za mawe huikuza. Kishindo.

Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba J. W. Gregory alifika hadi kwenye barafu ya mlima akiwa na watu wachache kutoka msafara wake wa wapagazi wa Zanzibar. Ameeleza jinsi asubuhi moja walivyomjia na hofu kwamba maji waliyoyaacha kwenye sufuria yamerogwa: yamekuwa meupe, hayatikisiki, na hata ukiyapiga kwa fimbo haiingii. Gregory akaibandika sufuria moja motoni. Yakayeyuka, wakafurahi. Watu huisimulia kama kichekesho cha washamba. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Wapagazi wale walifanya jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa theluji anapaswa kulifanya: waliona kitu kimebadilika usiku, wakakijaribu kwa fimbo kabla ya kukiamini. Ule ufito wa Wazungu wa skii, ukiuangalia, ni fimbo tu.

Nikisema skii mtu anaweza kudhani nazungumzia ya Ulaya pekee. La. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteleza kwa skii kwenye barafu yake. Piga picha mzigo huo: mbao ndefu zimetoka Ulaya kwa meli, zimebebwa kutoka pwani, zimepandishwa msituni, zikapita mawingu, hadi karibu mita 6,000. Mwaka huohuo Eduard Oehler na Fritz Klute walikuwa mlimani, wakaupanda Mawenzi kwa mara ya kwanza, na ramani ya Klute ya barafu ya Kilimanjaro imekuwa kipimo cha wote waliokuja baadaye. Ilikuwa zaidi ya kilomita 11 za mraba. Kufikia 2011 ilikuwa haifiki 2. Mtu akitaka kuteleza leo pale walipoteleza wale wawili, sehemu kubwa atateleza juu ya kokoto.

Wakenya waliotaka skii kweli wamelazimika kuifuata ng'ambo. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alijifunza Ufini na kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni amkumbatie. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, joto lile la Kilifi, alishindana Pyeongchang mwaka 2018 katika skii ya miteremkoni. Hao ni wachache, na wanastahili makala yao wenyewe.

*

Nirudi mlimani kwetu, kwa sababu hapa ndipo swali lilipo.

Mwezi uliopita, msichana mmoja wa kundi letu, mwepesi ukutani kuliko sote, aliniuliza tukiwa tunakunja kamba: "Sasa mwalimu, kama theluji imeisha, si ina maana mlima umekuwa salama?" Wenzake wakatikisa vichwa, ndiyo, ina maana. Ni hoja inayoeleweka. Kilichokuwa kikiporomoka kimekwisha, basi hakuna cha kuporomoka. Na kundi hili linakwenda mlimani mwezi ujao.

Barafu imekwisha kweli, au karibu. Mto wa barafu wa Lewis, mkubwa kuliko yote ya Mlima Kenya, ulipimwa vizuri mwaka 1934 na Wajerumani Carl Troll na Karl Wien. Kati ya mwaka huo na 2010 ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Uliokuwa ndugu yake, uliopewa jina la huyo Gregory wa sufuria, ulitoweka mnamo 2011. Njia ya kwenda Lenana iliyokuwa ikipita juu ya barafu sasa ni kifusi, mawe yanayoteleza chini ya viatu.

Lakini barafu ile haikuwa mapambo. Ndani ya nyufa za mwamba ilikuwa ikifanya kazi ambayo sisi wa Athi River, tunaopumua vumbi la viwanda vya simiti, tunaielewa bila kufundishwa. Ilikuwa ikishika mawe. Mlima Kenya ni mabaki ya volkano iliyokufa, kuta zake zimejaa nyufa, na kwa maelfu ya miaka nyufa hizo zilijazwa barafu. Maji yakiganda yanavimba, kama asilimia 9 hivi, yanasukuma jiwe. Yakibaki yameganda, jiwe limesukumwa lakini limeshikwa. Yakiyeyuka, jiwe limesukumwa na halina wa kulishika. Na kama nilivyosema, kwetu zoezi hilo ni la kila siku ya Mungu.

Septemba 1970 daktari mmoja kijana wa Austria, Gert Judmaier, alikuwa akiteremka kutoka Batian na mwenzake Oswald Oelz. Mwamba uliokuwa ukimbeba ukang'oka, akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Alikaa juu kule zaidi ya juma moja. Watu wa Klabu ya Milima ya Kenya walipanda kumwokoa, ndege ya helikopta ikaanguka na rubani wake akafa, na mwishowe waokoaji wakaja kutoka Innsbruck na kusaidia kumteremsha akiwa hai. Kibanda cha Austrian Hut, ambamo wapandaji wengi hulala usiku wa mwisho, kilijengwa baada ya hapo kwa shukrani za Waaustria. Mbuga nayo ikapata kikosi chake cha uokoaji. Vijana wanalala ndani ya kibanda kile na kupiga picha mlangoni bila kujua kwamba kilizaliwa na jiwe moja.

Jiwe hilo liling'oka wakati mlima bado una barafu nyingi. Miaka mitatu baadaye, 1973, mkuu wa mbuga Phil Snyder na askari wake Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kulipanda korongo la Diamond, mstari wa barafu uliosimama wima kati ya Batian na Nelion, chini ya mto wa barafu ambao Halford Mackinder aliuita almasi mwaka 1899 kwa jinsi ulivyokuwa mgumu kuchimbwa ngazi. Wapandaji walikuja kutoka pande zote za dunia kwa ajili ya korongo hilo. Leo sehemu yake ya chini kwa kawaida ni mwamba mtupu, mlowevu, unaotema mawe. Ingekuwa vizuri jina la Mathenge lifundishwe shuleni pamoja na la Kisoi Munyao aliyepandisha bendera mlimani usiku wa uhuru 1963. Lakini huko ni kutoka nje ya njia.

Upande wa Tanzania jibu la swali la yule msichana liliandikwa kwa njia mbaya. Tarehe 4 Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, juu ya kambi ya Arrow Glacier, mawe yaliachia yakaporomokea kundi la wapandaji. Wamarekani watatu walikufa, na wengine, wakiwemo wapagazi Watanzania, wakajeruhiwa. Njia ikafungwa, ikachunguzwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Sababu iliyotajwa ni hiyohiyo: barafu iliyokuwa ikiyashika mawe imeyeyuka. Arrow Glacier, ambayo kambi ilipata jina lake kwayo, imebaki jina zaidi ya barafu.

Kwa hiyo nilimjibu yule msichana kwamba poromoko halijaisha. Limebadilika rangi. Watu wa Embu walikwepa kile cheupe. Sasa kinachoshuka ni cheusi, hakionekani kikiwa kimetulia, na hakiachi alama theluji ingeiacha. Mteremko wa theluji mtu anaweza kuuchimba, akaangalia matabaka, akahesabu nyuzi. Ukuta wa mawe yaliyolegea haukuonyeshi chochote. Wala hakuna taarifa ya ngazi 5 inayotolewa kila asubuhi kwa ajili ya Mlima Kenya. Kuna askari wa mbuga, na kuna mpagazi aliyepita jana.

Na kuna saa. Wageni huambiwa wanaamshwa saa nane usiku ili wawahi kuona jua likichomoza kutoka Lenana. Ni kweli, na picha zinatoka nzuri. Lakini wapagazi wa Chogoria na Naro Moru wanajua faida ya pili: saa hizo mlima umefungwa kwa baridi, kila jiwe limegandishwa mahali pake. Saa tatu asubuhi jua limeshapasha ukuta, maji yanaanza kutiririka, na ndipo unasikia. Kwanza kidogo, kokoto, kama mtu amemwaga njugu kwenye sinia. Ukifika hapo unatakiwa uwe umeshatoka kwenye korongo na umeanza kushuka. Tena njia za mwamba za kaskazini na kusini hazikauki wakati mmoja: upande ambao jua linaukalia miezi hiyo ndio mkavu wa kupandika, ule mwingine unabaki na barafu. Anayekariri "Mlima Kenya ni wa Januari" bila kuuliza ni upande gani amekariri nusu.

Mazoezi yetu ya Lukenya hayafundishi haya, na siyadharau. Yanafundisha mkono na kamba na kumwamini mwenzako. Ila mwamba wa Lukenya umelala hapa bila barafu tangu uumbwe, ukiushika unakaa. Mtu akiwa amezoea mwamba unaokaa, mwili wake unapanda kwa imani hiyo hata pale isipostahili. Tumeanza kufanya zoezi jipya: kabla ya kuweka uzito kwenye jiwe lolote, unaligonga kwa ngumi na kusikiliza. Lililoshikamana hujibu kwa sauti fupi. Lililolegea lina mwangwi, kama mlango wa chumba kisicho na vitu. Hapa karibu yote hujibu vizuri, kwa hiyo vijana wanachoka kugonga, wanacheka, ati mwalimu anabisha hodi. Nawaambia wabishe tu.

Kundi ni la watu kumi na mmoja. Kati yao wawili wamewahi kufika Lenana, waliobaki hawajawahi kupita mita 3,000. Chakula kimepangwa, mpagazi wa Naro Moru amepatikana, matatu imelipiwa nusu. Helmeti tulizonazo ni nane. Nimewaambia watatu wasio nazo watafute kabla ya Ijumaa, na si za pikipiki.